Si Lazima Upande Mlima Ili Utulie

Mwulize mama wa Morogoro mjini ni wapi angeweza kupata utulivu, naye mara nyingi ataelekeza kidole juu. Milima ya Uluguru imesimama pale nyuma ya mji kama ukuta. Kilele cha Lupanga kina urefu wa zaidi ya mita 2,100, na asubuhi nyingi ukungu huwa umekifunika. Mtu aliyebanwa ndani ya daladala au anayepanga foleni benki akiinua macho tu anaiona milima hiyo, baridi na kimya. Si ajabu vikundi vya maombi hupenda kupanda vilimani. Nasi tunasema ni jambo jema, kwa maana Bwana wetu mwenyewe alipanda mlimani kuomba.

Lakini hebu tuwaangalie kinamama wanaoishi huko juu. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, wanateremka kutoka vijiji kama Choma na mizigo ya ndizi na mboga kichwani, wengine na mtoto mgongoni, ili wawahi wanunuzi mjini. Jioni wanaipanda tena njia ile ile, na chumvi, sabuni na sukari robo kilo kwenye kikapu. Ukimwambia mama huyo kwamba amebahatika kukaa mahali penye utulivu wa kiroho, atakutazama akidhani unamtania. Kwake mlima ni mteremko wa kuvunja magoti, na shamba lililoinama kama paa la nyumba. Uluguruni ukoo hufuatwa upande wa mama, na mashamba mengi hurithiwa hivyo hivyo. Ni heshima kubwa, lakini heshima hiyo huja na jembe.

Basi, ikiwa mama wa mlimani hapati utulivu kwa sababu tu ya kukaa mlimani, na mama wa mjini anausubiri mpaka siku atakapopata nafasi ya kwenda huko, utapatikana wapi?

Tumekaa na kinamama wengi, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na wa makanisa ya Kipentekoste, na jambo wanalolitaja kwa kunong'ona si umaskini wala maradhi. Ni sauti zao wenyewe. "Siku hizi napiga kelele mno," wanasema. Mama anaamka saa kumi na moja, anawasha mkaa, uji unafurika, mmoja haoni soksi, mwingine anadai hela ya mtihani, umeme wa LUKU umekwisha, mume anauliza shati liko wapi. Ikifika saa moja kofi limeshamwangukia mtoto ambaye kosa lake lilikuwa kumwaga chai. Tunazijua nyumba ambamo watoto hunyamaza mama anapoingia, na si kwa adabu. Watoto hao hao usiku watasimama sebuleni kuimba wimbo wa kuanza sala ya familia. Je, wanajifunza nini juu ya huyo Mungu tunayemwimbia?

Je, Haya ni Mambo ya Kikristo?

Baadhi ya wasomaji huingiwa na wasiwasi wakisikia habari za kukaa kimya, kuvuta pumzi polepole na kutafakari. Wamesikia kwamba hayo ni mambo ya dini za Mashariki ya Mbali. Wasiwasi huo tunauelewa, maana si kila kinachouzwa kwa jina la utulivu ni chema. Lakini Isaka alitoka kwenda shambani jioni ili atafakari, na kitabu cha Mwanzo sura ya 24 kinalitaja jambo hilo bila kulishangaa. Tena alipoinua macho ndipo alipoona ngamia waliomleta mke wake! Zaburi ya kwanza nayo inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Mungu mchana na usiku.

Zaidi ya hayo, chimbuko mojawapo kubwa la sala ya kimya katika Kanisa liko hapa hapa Afrika. Katika karne ya 4 Wakristo wengi wa Misri, wanaume kwa wanawake, walikwenda kuishi jangwani ili wamtafute Mungu. Walijipatia riziki kwa kusuka mikeka, vikapu na kamba za majani ya mtende, huku midomo yao ikirudiarudia maneno machache ya Maandiko. Inasimuliwa kwamba Antonio, aliye maarufu kuliko wote, siku moja alichoka rohoni na mawazo yakamwelemea. Akatoka nje, akamwona mtu anayefanana naye ameketi anasuka. Mtu yule akainuka akasali, kisha akaketi tena kusuka, kisha akainuka tena akasali. Antonio akaelewa kwamba ameonyeshwa dawa yake. Hakuambiwa aache kusuka ndipo asali.

Mama wa Kiluguru anayesuka mkeka wa ukindu hahitaji kuelezwa hilo. Mikono ikishazoea kazi, moyo huwa huru kwenda unakotaka. Shida ni kwamba mara nyingi unakotaka kwenda ni kwa jirani aliyetusema juzi.

Katika Misri hiyo hiyo alikuwepo pia mama mmoja aitwaye Sinkletika. Yeye aliwaonya wenzake kwamba wapo wengi waliokimbilia milimani na bado mwenendo wao ni wa watu wa mjini, na kwamba mtu anaweza kukaa katikati ya umati na moyo wake ukawa na upweke mtakatifu. Mama huyo alisema hayo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, naye hakuwahi kuiona simu ya mkononi.

Kengele ya Jikoni

Nje kidogo ya mji wa Morogoro, chini ya milima, iko nyumba mama ya Masista wa Moyo Safi wa Maria wa Mgolole. Watu wengi wa Morogoro wamefundishwa au kuuguzwa na masista hawa. Wengine tunadhani kwamba watawa wametulia kwa sababu hawana watoto wala mume. La hasha! Anayefundisha darasa lililojaa au kukesha wodini ana kelele za kumtosha. Tofauti yao na sisi ni kwamba siku yao ina vituo. Saa ya masifu ikifika wanaacha walichokishika, kiwe kimekwisha au hakijakwisha, na hawasubiri kwanza wajisikie kusali. Jirani yetu Mwislamu naye tumemwona: adhana inaposikika anaweka chini kisu na kitunguu, anakwenda kutawadha. Sisi Wakristo wa majumbani ndio tunaosema, "Nikimaliza kazi nitaomba." Na kazi ya nyumbani haijapata kuisha tangu Hawa.

Basi nasi tunahitaji kengele, na tunayo tayari: kazi yenyewe. Kusubiri maji yachemke ni kengele. Kuchambua mchele ni kengele, na kukuna nazi pia, na kusubiri ndoo ijae bombani. Tunashauri kila mama achague kazi moja tu, ile anayoifanya kila siku bila kukosa, aifanye kuwa kituo chake. Katika kazi hiyo asiwashe redio wala asishike simu. Avute pumzi taratibu, aitoe taratibu zaidi, na kwa kila pumzi aseme moyoni maneno machache kama "Yesu, niko hapa." Mawazo ya deni la upatu yatakuja. Yaache yapite, urudi kwenye neno lako. Dakika tano zinatosha. Anayeanza na nusu saa kwa kawaida huacha siku ya tatu.

Kazi yenyewe si lazima uipende. Katika karne ya 17 huko Paris, Ufaransa, alikuwepo mtawa Mkarmeli aliyeitwa Ndugu Lawrence, askari wa zamani aliyejeruhiwa vitani. Walipompanga jikoni hakufurahi hata kidogo, kwa sababu kazi ya jikoni ilikuwa haimpendezi. Alikaa huko miaka mingi, akajizoeza kuzungumza na Mungu kati ya masufuria mpaka akasema kwamba kwake saa ya kazi na saa ya sala hazikuwa tofauti tena. Alifariki mwaka 1691, na maneno yake yakakusanywa katika kitabu kinachosomwa hadi leo na Wakatoliki na Waprotestanti. Sisi tunapenda kumtaja kwa sababu hakuwa padre wala mwanachuoni. Alikuwa mpishi.

Na kwa wale watakaosema kwamba Ndugu Lawrence hakuwa na watoto wa kumvuta nguo, yupo Susanna Wesley wa Uingereza, mama yake John Wesley. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wakiwa wachanga. Inasimuliwa kwamba alipotaka kusali katika nyumba ile iliyojaa, alijifunika aproni yake kichwani, na watoto wakajua kwamba saa hiyo mama hasemeshwi. Sisi tuna khanga, ambayo ni pana zaidi.

Zaburi ya Mistari Mitatu

Kuna njia nyingine, nayo ni kusoma Neno la Mungu polepole. Katika karne ya 12 mtawa mmoja wa Ufaransa aitwaye Guigo aliifananisha na ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na mwisho kutulia tu mbele ya Mungu. Wengi wetu tunapanda vipandio vitatu vya kwanza, halafu tunasema Amina na kukimbia.

Tuijaribu hapa kwa Zaburi ya 131. Ina mistari mitatu tu, hata mama aliyechoka hawezi kusinzia kabla haijaisha. Isome mara moja kwa sauti ndogo. Isome tena. Utakutana na mwandishi anayejilinganisha na mtoto aliyetulia kifuani pa mama yake. Angalia vizuri, lakini: si mtoto anayenyonya. Ni mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa.

Wanaume wameihubiri zaburi hii miaka mingi, na tunathubutu kusema kwamba baadhi yao wamepita haraka kwenye neno hilo. Sisi tumeachisha watoto. Tunajua usiku ule wa kwanza. Tunajua shubiri inayopakwa kwenye chuchu, na uso wa mtoto anapoionja, jinsi anavyokutazama kama umemsaliti. Analia, anapiga mateke, anavuta gauni. Unampa uji anaumwaga. Bibi anamchukua chumba cha pili, na wewe unalia upande wako, maziwa yanakuchuruzika. Inaweza kuchukua siku tatu, inaweza kuchukua wiki mbili. Kisha siku moja mtoto anakuja mwenyewe, anapanda mapajani, anaweka kichwa pale pale kifuani, na haombi chochote. Amekuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya maziwa.

Utulivu unaosemwa katika zaburi hii ni huo. Mtoto mchanga aliyeshiba anatulia pia, lakini ni kwa saa mbili tu, akihisi njaa analia tena. Ndivyo tulivyo sisi tunapotulia kwa sababu ada imelipwa, au mume amerudi mapema, au matokeo ya mtihani yametoka mazuri. Yule aliyeachishwa amepitia kunyimwa. Kuna kitu alikidai kwa machozi, hakukipata, na baada ya machozi akagundua kwamba mama bado yupo.

Sasa funga Biblia, ukae na swali moja: ni kitu gani ninachokililia hivi sasa? Huenda ni mtoto ambaye hajapatikana. Huenda ni nyumba iliyosimama kwenye msingi tangu mwaka juzi, au mume wa zamani zile kabla hajabadilika. Usikimbilie kusema umekwisha kukiachilia, maana Mungu hadanganywi na wewe hulazimishwi. Siku nyingine sala yote itakuwa kulia tu na kupiga mateke. Hiyo nayo imo ndani ya zaburi, maana hakuna mtoto aliyeachishwa ziwa kimya kimya.

Ukishasema yako, nyamaza. Hiki kipandio cha nne ndicho kigumu kwetu, maana tumezoea kwamba maombi ni maneno mengi na sauti kubwa. Tumeona hata katika jumuiya ndogo ndogo: kiongozi akisema "tukae kimya kidogo," baada ya sekunde kumi mtu anaanzisha wimbo. Tungeomba viongozi wa WAWATA, wa vikundi vya wanawake wa KKKT na wa umoja wa akina mama wa Kianglikana wajaribu dakika tatu kamili za ukimya baada ya somo, saa mkononi, na mwimbaji hodari ashikwe mkono.

Kwa wenzetu wanaosali rozari, ipo habari ya kuwafurahisha. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa Italia kwa watu wazima 23. Waliposali Salamu Maria kwa Kilatini kwa kupokezana, kama ifanyavyo desturi, pumzi zao zilishuka zikawa kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo wa utulivu. Rozari inayokimbizwa kama gari linalowahi kituo sidhani kama itafanya hivyo! Isali polepole, ukitoa pumzi mpaka mwisho.

Jioni, Tukiwaogesha Watoto

Ignasi wa Loyola, aliyeanzisha shirika la Wajesuiti mwaka 1540, aliwafundisha watu wake kuitazama siku iliyopita mbele za Mungu, saa kwa saa. Ni zoezi zuri, ila mama akilifanya kitandani atalala kabla hajafika saa nne asubuhi. Tunapendekeza lifanywe wakati wa kuogesha watoto au kukunja nguo. Maswali yawe mawili tu. Leo nilipewa nini? Na ni wapi niliupoteza moyo wangu?

Swali la pili ndilo linalotufikisha kwa yule mtoto wa chai. Katika mila zetu mzazi hamwombi mtoto radhi, na wapo wazee watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kujishushia heshima. Hatukubaliani nao. Mama anayepiga magoti kando ya beseni na kusema, "Mwanangu, asubuhi nilikupiga kwa hasira, nisamehe," hajapoteza kitu. Mtoto huyo kesho atamwaga chai tena, bila shaka. Lakini atakuja kusema mwenyewe.

Pasipofaa Kunyamaza

Lazima tuseme na hili, kwa sababu tumeona mafundisho ya utulivu yakigeuzwa kuwa kamba ya kumfungia mwanamke. Mama anayepigwa nyumbani haambiwi avute pumzi na kutafakari. Anahitaji kusaidiwa: mchungaji au padre anayesikiliza, wazee wa ukoo wenye msimamo, na Dawati la Jinsia na Watoto lililopo katika vituo vya polisi. Vivyo hivyo mama aliyejifungua ambaye wiki zinapita hataki kula, hataki kumtazama mtoto, anatamani kufa. Huo ni ugonjwa, unatibika, na pa kuanzia ni zahanati au hospitali. Kumwambia kwamba hana imani ni dhambi.

Na wako ambao si wagonjwa wala hawateswi, ila wamechoka tu. Eliya alipokimbilia jangwani na kumwomba Mungu afe, malaika hakumhubiria. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ya Horebu na ile sauti ndogo ya utulivu zilikuja baadaye. Kwa hiyo kina baba mnaosoma gazeti hili kwa kuchungulia begani, Jumapili moja mchana wachukueni watoto mkawaonyeshe treni pale stesheni. Mkirudi mkimkuta mama amelala, msimwamshe kwa chakula.

Anayetaka kuanza aanze kesho, na kazi moja. Wiki ya kwanza utasahau siku tatu kati ya saba. Endelea tu siku ya nne. Usiwatangazie watu, wala usimwambie mume kwamba sasa umekuwa mtulivu, maana atakujaribu. Na mtoto mdogo akija kukuvuta khanga katikati ya zile dakika tano, usimfukuze. Mpakate, asikie unavyopumua, nawe endelea na neno lako.